Marupurupu: Yapi ya Kupigania, Yapi ya Kuachana Nayo

Barua ya ajira ikikufikia, tafuta kwanza mstari wa mshahara wa msingi. Waajiri wengi huuandika harakaharaka, kisha wakatandaza posho: ya nyumba, ya usafiri, ya vocha, ya mazingira magumu; halafu bima, chai ya saa nne, safari ya mwisho wa mwaka. Ukijumlisha yote unaona neema. Kabla hujaanza kuwapigia simu ndugu, chukua kila kipengele ukiulize swali moja: siku nikiugua, nikipunguzwa kazi au nikikosana na bosi, wewe utakuwa wapi?

Mwongozo huu unamhusu zaidi mwajiriwa wa Tanzania katika kampuni binafsi au shirika lisilo la kiserikali, kwa kuwa huko ndiko marupurupu yanakotofautiana ofisi na ofisi. Mtumishi wa umma mambo yake mengi yamo kwenye nyaraka za Serikali. Msomaji wa Kenya ana aya yake huko mbele.

Futa kwanza yasiyo marupurupu

Matangazo ya kazi yana mtindo wa kuorodhesha matakwa ya sheria kana kwamba ni ukarimu. "Likizo ya siku 28 yenye malipo!" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilishakupa hizo, mwajiri apende asipende. Ilimpa pia mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ikampa baba siku 3. Ikampa mgonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, sikukuu mara mbili, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, anauchangia yeye peke yake. Ukiliona jina hilo kwenye makato yako, uliza siku hiyohiyo.

Piga mstari juu ya hayo yote. Sasa tazama pale mwajiri alipovuka kiwango cha sheria, maana hapo ndipo pana marupurupu yenyewe: baba kupewa wiki mbili badala ya siku 3, mama kupewa miezi minne, mwajiri kubeba asilimia 15 ya NSSF badala ya 10. Mambo haya hayapigiki picha ya kuweka kwenye tangazo, kwa hiyo mara nyingi yamejificha kwenye kijitabu cha taratibu za kampuni ambacho hakuna aliyekupa. Kiombe kabla hujasaini.

Hizo siku 28 nazo zihesabu vizuri. Sheria inazihesabu mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, hizo ni siku 20 za kazi tu. Kampuni inayoandika "siku 24 za kazi" imekupa nyingi kuliko inayoandika 28 na kunyamaza.

Msingi mdogo, posho nyingi

Chukua watu wawili, kila mmoja analipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi kwa wiki ya siku sita na saa 45. Wa kwanza, zote ni mshahara wa msingi. Wa pili ana msingi wa 700,000, posho ya nyumba 250,000, usafiri 150,000 na vocha 100,000. TRA haiwatofautishi. Posho ya fedha inayotoka kila mwezi bila risiti wala maelezo ni pato kama mshahara, na kodi yao ni ileile. Mwisho wa mwezi wanaondoka na kiasi sawa, ndiyo maana huyu wa pili haoni tatizo lolote mpaka siku atakapoanza kudai kitu.

Akidai ovataimu, malipo ya saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa saa 195. Wa kwanza atalipwa kama 9,230 kwa kila saa ya ziada, wa pili kama 5,385, na wote wawili wamebeba magunia yaleyale. Akiachishwa kazi bila kosa lake, kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Wakipunguzwa wote baada ya miaka sita, wa kwanza ataondoka na takriban 1,938,000 na wa pili 1,130,000. Tofauti ni zaidi ya laki nane, na iliamuliwa siku ya kusaini barua, wala hakuna aliyemwibia mtu.

NSSF hukokotolewa kwenye mshahara ghafi, hivyo posho nazo zinapaswa kuingia. Nasema zinapaswa, kwa sababu wapo waajiri wanaopeleka mchango wa msingi peke yake, na wapo wanaokata kwako na kuchelewa kupeleka. Taarifa ya michango unaweza kuipata mtandaoni au kwenye ofisi ya NSSF. Itazame walau mara mbili kwa mwaka, usisubiri ufikishe umri wa kustaafu ndipo ukagundue kwamba ile miezi 180 inayohitajika ili ulipwe pensheni ina mapengo. Kwa watumishi wa umma walio PSSSF, mchango huangalia mshahara wa msingi. Mtu aliyejenga maisha yake kwa posho za vikao, semina na safari za mikoani hushtuka sana barua ya mafao inapokuja. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kina lawama zake na siwezi kukitetea hapa, ila hata kikokotoo kizuri vipi hakiwezi kukokotoa posho ya semina ya Morogoro.

Jambo moja linakwenda kinyume, na nisipolitaja nitakuwa nimekudanganya: kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Msingi wa 700,000 unakatwa 105,000, ule wa 1,200,000 unakatwa 180,000. Mkononi utapungukiwa, lakini deni nalo litaisha mapema. Binafsi ningechagua deni liishe mapema, ingawa namwelewa kijana mwenye kodi ya miezi sita inayomsubiri kule Sinza.

Chakula kina thamani kuliko pesa ya chakula

Hapa watu wengi hukosea. Kampuni inapofunga jiko na kuanza kuwagawia wafanyakazi posho ya chakula, wafanyakazi hushangilia. Sheria ya Kodi ya Mapato inasamehe huduma ya kantini inayotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Hela ya chakula inayowekwa kwenye mshahara haina msamaha huo.

Tufanye sahani ya wali, maharage, mboga na kipande cha nyama kwa mama lishe ni shilingi 4,000. Kwa siku 22 za kazi ni 88,000. Kama pato lako linalotozwa kodi limepita milioni moja kwa mwezi, kila shilingi ya nyongeza inakatwa senti 10 za NSSF, na kinachobaki kinatozwa kodi ya asilimia 30. Unabaki na senti 63. Ili upate 88,000 za kununulia sahani hizo, mwajiri anatakiwa akuongezee karibu 140,000. Je, posho aliyotoa inafika huko? Mara nyingi hata nusu haifiki. Kantini yenye wali mgumu bado inaishinda.

Chai ya saa nne iko kwenye kundi hilihili. Huwezi kuitaja kwenye mazungumzo ya mshahara bila kuchekwa, lakini chai, andazi na yai kila siku ya kazi ni kifungua kinywa cha mtu aliyetoka Chanika saa kumi na moja alfajiri.

Bima ya afya: soma kadi kabla kadi haijakusoma

Ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu nje ya mshahara, ningechagua bima nzuri ya afya, na ningeweka mkazo kwenye hilo neno nzuri. Bima inayotolewa kwa wafanyakazi wote kwa masharti sawa haitozwi kodi kwako. Halafu inagusa watu usioweza kuwaambia wasubiri mwisho wa mwezi.

Ila kadi zinafanana kwa nje tu. Uliza ukomo wa kulazwa na ukomo wa wagonjwa wa nje, kila mmoja peke yake. Uliza kama ukomo huo ni wa kila mtu au familia nzima inagawana. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya watoto watatu wakiugua malaria mwezi wa nne, mama akose kipimo mwezi wa kumi. Uliza kuhusu uzazi, hasa muda wa kusubiri kabla hujaruhusiwa kuutumia. Uliza ugonjwa uliokuja nao kazini, kama presha au sukari, unatibiwa au umeondolewa. Meno na miwani ni vya mwisho, ingawa ndivyo ambavyo wauzaji wa bima hupenda kuanza navyo.

Kisha wazazi. Kwa NHIF, mwanachama aliyeajiriwa huandikishwa na mwenza wake na wategemezi hadi wanne, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara unaogawanywa kati yake na mwajiri, na wazazi wanaweza kuwa miongoni mwa hao wanne. Bima nyingi za makampuni binafsi huishia kwa mwenza na watoto. Kwa mtu ambaye mama yake yuko Songea na mguu wake una kidonda cha sukari, mpango unaomwandikisha mama una thamani kuliko hospitali ya ghorofa jijini ambayo mama hatafika.

Usiulize orodha ya hospitali kwa wakala wa bima. Nenda mwenyewe kwenye dirisha la hospitali iliyo karibu na nyumbani kwako, maana watoto hawaugulii ofisini, na uulize kama kadi hiyo inapokelewa leo. Nasema leo kwa makusudi. Tarehe 1 Machi 2024, hospitali nyingi binafsi Tanzania zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa mvutano wa bei mpya za huduma, na watu waliokuwa na kadi halali mfukoni walijikuta wakitafuta fedha taslimu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilikwisha kupitishwa mwaka 2023, lakini sheria na dirisha la mapokezi ni vitu viwili.

Mpango mbaya kuliko yote ni ule wa "lipa kwanza, leta risiti, tutakurudishia". Unakutaka uwe na akiba ya kuugulia, na aliye na akiba ya kuugulia ndiye asiyeuhitaji sana. Ukiukuta, uliza marejesho huchukua siku ngapi, na waulize waliokwisha kurudishiwa. Jibu la afisa utumishi halitoshi.

Swali la mwisho la bima ni lini inaanza na lini inakufa. Kampuni nyingi huianzisha baada ya kipindi cha majaribio, nyingine huifunga siku ileile unapokabidhi kitambulisho. Mwenye ujauzito au mgonjwa nyumbani asikubali kuhama kazi kabla ya kulijua hilo.

Basi la kampuni, gari la kampuni

Kwa Dar es Salaam, basi la wafanyakazi linalopita Mbagala au Gongo la Mboto lina faida mbili. Moja ni nauli, nayo ni ndogo. Ya pili ni kukaa kwenye kiti. Mtu anayeamka saa kumi ili awahi mwendokasi ya Kimara, akasimama kwenye foleni, akasimama ndani ya basi, akarudi jioni hivyohivyo, hafanyi kazi kama aliyelala nusu saa zaidi na kusinzia njiani. Posho ya usafiri haikununulii kiti. Uliza tu basi linaondoka ofisini saa ngapi na kama linasubiri wanaobakishwa kazini, maana lipo basi linaloondoka saa kumi na moja kamili na bosi anayeitisha kikao saa kumi na nusu.

Gari la kampuni la kutumia hadi nyumbani ni zawadi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu sheria inalithamini kwa bei ya chini. Gari la zaidi ya cc 1,000 hadi cc 2,000 lenye umri usiozidi miaka mitano linahesabiwa kuwa pato la shilingi 500,000 tu kwa mwaka. Likizidi miaka hiyo, 250,000. Hata ukiwa kwenye kiwango cha asilimia 30, kodi yake haizidi 150,000 kwa mwaka, na mafuta ya miezi miwili yanaipita. Tatizo la gari ni mazoea. Familia inahamia Bunju kwa sababu kuna gari, watoto wanapelekwa shule ya mbali kwa sababu kuna gari, kisha mkataba unaisha na funguo zinarudi ofisini. Likubali gari, ila usipange maisha ambayo bila hilo hayawezekani.

Kota

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, chai ya Mufindi, viwanda vya sukari, migodi na reli, nyumba ya kazini ina historia ndefu. Ina faida zake: hulipi kodi ya nyumba, huna nauli, maji na umeme mara nyingi vipo. Lakini kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha, na mtu anakuwa na mashtaka mawili kwa wakati mmoja, la riziki na la paa. Wafanyakazi wa kota wanajua pia kwamba ni vigumu kugoma dhidi ya mwenye nyumba yako.

Ukiipata, fanya mambo mawili. Andikiwa una siku ngapi za kuhama baada ya ajira kukoma. Na hicho ambacho ungelipa kodi, kitoe kila mwezi kikanunue tofali huko kwenu; aliyekaa kota miaka ishirini bila kufanya hivyo amepewa nyumba ya bure kwa bei kubwa sana.

Hapohapo angalia barua yako imeandika uliajiriwa wapi. Mstari huu huonekana wa kujaza karatasi tu, kumbe una fedha ndani yake. Ajira ikikoma mahali tofauti na ulipoajiriwa, sheria inamtaka mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, na akulipe ya kujikimu kila siku kati ya siku ya kuachishwa na ya kusafirishwa. Kijana aliyefanyiwa usaili Mwanza, akapelekwa Mtwara, na barua ikaandika "mahali pa kuajiriwa: Mtwara", amepoteza haki hiyo kwa neno moja.

Mkopo nafuu, masomo, na kamba zilizofungwa kwa utepe

Mabenki hukopesha wafanyakazi wao kwa riba ya chini, na makampuni mengine hutoa mkopo wa dharura usio na riba. Huu wa dharura ni mzuri sana. Kwa mkopo wa chini ya miezi 12 usiozidi mishahara mitatu ya msingi, hata kodi hakuna. Mkopo mkubwa wa nyumba ndio wa kuusoma usiku ukiwa umetulia: ukiacha kazi, riba inapanda kuwa ya sokoni, au deni lote linadaiwa mara moja? Nimeona watu wazima, wenye vyeo, wanaovumilia matusi ya ofisini kwa sababu ya kifungu hicho kimoja.

SACCOS ya wafanyakazi naiweka juu ya mkopo wa mwajiri kwa sababu moja: ni mali yenu. Uanachama unaweza kuwa na masharti ya ajira, lakini akiba na hisa zako ni zako.

Kusomeshwa ni heshima, na karibu kila mara kunaambatana na ahadi ya kutumikia miaka miwili au mitatu. Hilo ni haki; mtu amelipa ada yako. Angalia kama deni linapungua kadiri unavyotumikia. Aliyeahidi miezi 36, akaondoka baada ya 30, adaiwe ya miezi sita. Mkataba unaodai ada yote hata kama umebakiza wiki moja ukatae, au omba kifungu kirekebishwe. Na uandikwe kwamba wao wakikupunguza kazi, deni linakufa.

Simu na kompyuta ya ofisi, mimi nisingeviweka kwenye marupurupu. Ni vitendea kazi. Bando la kampuni huja na kundi la WhatsApp linaloamka saa tano usiku. Ukipotelewa na kompyuta kwenye daladala, jua kwamba mwajiri hawezi kukukata kiholela: lazima uwe na kosa, akuandikie sababu, kiasi na jinsi alivyokikokotoa, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yote ya hasara hiyo yasizidi robo ya ujira wako wa fedha.

Msiba

Ni marupurupu ambayo hakuna anayeyataja kwenye usaili, na ni miongoni mwa yanayopimwa na jamii nzima. Kampuni inayotoa jeneza au sanda, gari la kusafirisha mwili hadi Bukoba au Kyela, rambirambi na siku za kutosha, huwafunga watu kuliko bonasi. Sheria inatoa likizo ya siku 4 kwa msiba wa ndugu wa karibu waliotajwa, na siku 4 kwa mtu anayekwenda kuzika Kigoma zinaishia barabarani. Uliza wazi: mfiwa anasaidiwa kwa nani? Mwenza na mtoto, karibu wote hukubali. Baba na mama, wengi. Wakwe ndipo mabishano yanapoanza, na mara nyingi hutegemea meneja anampenda nani. Kama kuna chama cha wafanyakazi na mkataba wa hali bora, TUICO au CHODAWU wakiwa wamesaini, kipengele hiki huwa kimeandikwa na hakuna anayempigia mtu magoti.

Yaliyo mabaya

Fulana na kofia ya Mei Mosi, mimi sizichukii. Mtu ameandamana, amevaa, kesho anaoshea gari. Ubaya unakuja pale fulana inapokuwa ndiyo jibu la madai ya mwaka mzima. Mfanyakazi hodari akipewa mabati au fedha, nampigia makofi. Akipewa cheti chenye jina lililokosewa herufi, yeye mwenyewe anajua amepewa nini.

Bonanza la lazima siku ya Jumamosi ni kazi isiyolipwa iliyovalishwa raba. Wanaolipenda waende. Mwenye duka, shamba au mtoto mchanga aruhusiwe kubaki nyumbani bila kuitwa "si mchezaji wa timu". Vivyo hivyo na kapu la sikukuu, mchele kilo tano na mafuta lita mbili, ambalo ukitazama slipu ya Januari unakuta limekatwa. Zawadi inayokatwa kwenye mshahara ni ununuzi, na bei hukupanga wewe.

Ofisi mpya za vijana, zile zenye meza ya tenisi na mashine ya kahawa, zina tatizo la aina nyingine. Angalia ni nani anacheza na saa ngapi. Kama meza ina vumbi, au kama inatumika saa tatu usiku na watu wasioenda nyumbani, umeshajibiwa.

Bonasi ya "mwezi wa 13" ni njema ikiwa imeandikwa kwenye mkataba pamoja na jinsi inavyokokotolewa. Ikiandikwa "kwa hiari ya mwajiri", usiikopee.

Ukiwa Kenya

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa siku 21 za kazi za likizo, miezi mitatu ya uzazi na wiki mbili kwa baba. Inamtaka pia mwajiri akupe nyumba ya kufaa au alipe kiasi cha kutosha kodi ya nyumba, kwa hiyo posho ya nyumba huko ni haki. Soma kama barua inasema mshahara "unajumuisha nyumba", maana neno hilo limeshaimeza. Tangu 27 Desemba 2024, chakula cha hadi shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi anachokupa mwajiri hakitozwi kodi, na manufaa mengine yasiyo ya fedha nayo hadi 5,000 kwa mwezi. Hesabu ile ya kantini inafanya kazi Nairobi kama inavyofanya Dar, ila ina dari.

Namna ya kuomba

Usiombe kila kitu. Chagua vitu viwili, na kimoja kiwe kisichomgharimu mwajiri sana. Kuhamisha posho kwenda kwenye mshahara wa msingi ni mfano mzuri: kwa mwezi wa kawaida usio na ovataimu, NSSF, kodi na tozo nyingine hazibadiliki kwake. Sema kwa upole na kwa tarakimu: "Dada, nimeona usafiri ni laki moja na nusu na nyumba laki mbili na nusu. Naomba ziingie kwenye msingi, jumla ibaki ileile." Akikataa, muulize sababu, na usikilize vizuri, huenda kampuni ina ngazi za mishahara zisizogeuzwa, au huenda inajiandaa kupunguza watu. Kama mshahara umegota kabisa, omba mzazi mmoja aongezwe kwenye bima, au siku moja kwa wiki ya kufanyia kazi nyumbani. Hivi viwili hukubaliwa mara nyingi kuliko laki moja ya nyongeza.

Lolote utakaloahidiwa kwa mdomo, omba liingie kwenye barua. Sheria inataka maelezo ya maandishi ya ajira yataje ujira, jinsi unavyokokotolewa, na manufaa yote yasiyo ya fedha. Yakibadilishwa, ushirikishwe na uarifiwe kwa maandishi. Wakisema utaratibu hauruhusu, tuma barua pepe mwenyewe: "Kama tulivyozungumza leo, nitakuwa kwenye basi la Tegeta na bima itaanza mwezi wa kwanza." Wasipoikanusha, una ushahidi. Hifadhi slipu zote za mshahara nje ya kompyuta ya ofisi, kwa sababu siku ya kuzihitaji huenda huna tena nywila.

Na siku hiyo ikifika, usikae ukingoja meneja apoe hasira. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, posho na marupurupu yaliyozuiwa yakiwamo, ndani ya siku 60. Nenda na barua ya ajira, slipu, na ile barua pepe.